Kusoma Kilichonyamaziwa: Ujumbe wa Kupinga Vita katika Filamu za Vita

Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi wanapoulizwa dhamira ya filamu ya vita, jibu la kwanza huwa karibu lilelile kila mwaka: vita ni vibaya. Jibu hilo si kosa, ila halijasema kitu. Filamu za vita karibu zote huonyesha maiti, damu na mama anayelia, zikiwemo zile zilizotengenezwa ili kuwavuta vijana waingie jeshini. Kama kuonyesha mateso kungetosha, kila filamu ya vita ingekuwa filamu ya kupinga vita, na istilahi hiyo isingekuwa na kazi yoyote katika uhakiki.

Tatizo hili si la wanafunzi peke yao. François Truffaut, mwongozaji na mhakiki wa filamu wa Ufaransa, aliwahi kutilia shaka uwezekano wenyewe wa kuwapo kwa filamu ya kupinga vita. Kwa ufupi, hoja yake ilikuwa kwamba kitu kikishaonyeshwa kwenye filamu hupata hadhi. Vita hupata mwendo, kishindo na ushujaa, na mtazamaji hujikuta akishangilia kile ambacho alitakiwa kukichukia.

Makala haya yanadhamiria kuijibu hoja hiyo kwa kuzichunguza filamu chache ambazo mwalimu wa Kiswahili anaweza kuzitumia darasani. Msimamo wetu ni kwamba ujumbe wa kupinga vita haukai katika hotuba za wahusika, wala katika wingi wa damu. Unakaa katika mambo ambayo filamu inayanyamazia na katika kile kinachobaki baada ya mhalifu kuadhibiwa. Hii ndiyo sababu ujumbe huo huitwa uliofichika, na ndiyo sababu unahitaji msomaji mwenye mbinu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini suala la filamu liletwe katika jarida la idara ya Kiswahili. Jibu letu ni kwamba mbinu zinazohitajika hapa ni zile tunazozifundisha kila siku. Anayejua kulifumbua fumbo, kukitambua kinaya katika tamthilia na kutofautisha maana ya juu na maana ya ndani ya methali, tayari anavyo vifaa vya kazi hii. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua. Kinachobaki ni kuonyesha mwerevu hulifumbua kwa ushahidi gani.

Helikopta na makofi

Tuanze na mfano unaompa nguvu Truffaut. Mwaka 1979 Francis Ford Coppola alitoa filamu ya Apocalypse Now inayohusu vita vya Vietnam. Msingi wake ni riwaya fupi ya Joseph Conrad, Heart of Darkness, iliyotokana na safari ya mwandishi huyo katika mto Kongo mwaka 1890. Kwa hiyo filamu hii ya Asia ina mzizi katika ukanda wetu.

Tukio lake linalojulikana zaidi ni shambulio la helikopta. Kanali Kilgore anakishambulia kijiji huku vipaza sauti vikipiga muziki wa Wagner. Moja ya sababu zake ni kwamba ufuo wa mahali pale una mawimbi mazuri ya kuchezea. Tukio hili limejaa kejeli. Aidha, katikati yake kuna jambo ambalo watazamaji wengi hulipita: kabla ya makombora kuanguka, picha inahamia ghafla kijijini, penye utulivu, na tunawaona watoto wa shule. Muziki unakoma. Kisha unaanza kusikika kwa mbali, ukija. Kwa muda mfupi mtazamaji amewekwa upande wa wanaosikiliza mauti yakikaribia.

Je, hadhira ilielewa hivyo? Filamu ya Jarhead ya Sam Mendes (2005), iliyotokana na kitabu cha Anthony Swofford, aliyekuwa mwanajeshi wa majini wa Marekani, inatuonyesha askari wa mwaka 1990 wakilitazama tukio hilihili kabla ya kupelekwa Ghuba. Wanaimba pamoja na muziki, wanapiga makofi, wanazishangilia helikopta kama mashabiki wa mpira. Coppola mwenyewe alisema mwaka 2019 kwamba hakuihesabu filamu yake kuwa ya kupinga vita, kwa kuwa ina matukio yanayoweza kuamsha tamaa ya kutumia nguvu.

Funzo la kwanza ni kwamba nia ya mtunzi haitoshi, na wala kejeli haitoshi. Ule utulivu wa kijijini ni sekunde chache. Kishindo cha helikopta ni dakika nyingi. Hadhira iliyokuja kutafuta kishindo hukichukua na kuuacha utulivu. Mhakiki anapaswa kupima uzito wa kila upande, si kuokota ishara moja na kuitangaza kuwa ndiyo ujumbe wa filamu.

Paths of Glory: fahali wasiopigana

Mfano wa pili ndio tutakaoukalia zaidi. Paths of Glory, yaani Njia za Utukufu, iliongozwa na Stanley Kubrick mwaka 1957 kutokana na riwaya ya Humphrey Cobb ya mwaka 1935. Mandhari yake ni Ufaransa mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Jenerali Broulard anamwendea Jenerali Mireau na agizo la kukiteka kilima kilichoshikwa na Wajerumani. Mireau anajua kwamba kazi hiyo haiwezekani, lakini anapodokezewa kupandishwa cheo anabadili mawazo. Kanali Dax, aliyekuwa wakili kabla ya vita, analazimika kuliongoza shambulio. Linashindwa. Kwa hasira, Mireau anaamuru mizinga ya Wafaransa ipige mahandaki ya Wafaransa wenyewe, na ofisa wa mizinga anakataa mpaka apewe amri ya maandishi. Ili kuifunika aibu, wanachaguliwa askari watatu washtakiwe kwa woga mbele ya adui. Dax anawatetea mahakamani. Wote watatu wanapigwa risasi.

Kisa hiki hakikuzuliwa tu. Mwezi Machi 1915 jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi makoplo wanne huko Souain baada ya kikosi chao kukataa kutoka handakini. Majina yao yalisafishwa rasmi mwaka 1934. Filamu ya Kubrick haikuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Ufaransa hadi mwaka 1975. Ni wazi kuwa kuna watu waliousoma ujumbe wake vizuri.

Wahenga wetu wana methali ya fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Mwanafunzi atasema mara moja kwamba fahali ni Ufaransa na Ujerumani, na nyasi ni askari. Tunamshauri aitazame filamu upya. Fahali wa filamu hii wako upande mmoja. Hawapigani hata kidogo: wanaketi katika kasri na kusifiana mazulia na picha za ukutani. Nyasi zinaumia vilevile. Hapo ndipo filamu inapoipita methali, na hapo ndipo maana ya ndani inapoanza.

Lugha ya asilimia

Walimu wa lugha watapata mengi katika mazungumzo ya Mireau na Dax kabla ya shambulio. Mireau anapiga hesabu. Asilimia 5 watauawa na mizinga yetu wenyewe, asilimia 10 katika uwanja ulio kati ya majeshi mawili, asilimia 20 kwenye seng'enge, na asilimia 25 wakati wa kukiteka kilima. Waliobaki, anasema, watatosha kukishikilia.

Tukijumlisha tunapata asilimia 60. Jenerali hajasema "watu" sitini kati ya kila mia. Hajamtaja hata mtu mmoja. Amezitaja sehemu za kitu. Sauti yake ni tulivu kama ya karani wa ghala. Huu ni mfano mzuri wa tasfida ambayo haitumii hata neno moja la kupamba: tarakimu peke yake ndiyo inayoficha maiti. Tunaposhughulikia rejista darasani, mara nyingi tunaishia kwenye rejista ya sokoni na ya hospitalini. Rejista ya kijeshi nayo ifundishwe hivi, kwa kuuliza neno gani limeepukwa na kwa faida ya nani.

Hali kadhalika, mahakamani hati ya mashtaka haisomwi na hakuna karani anayeandika kumbukumbu za kesi. Dax analalamikia yote mawili. Jeshi hili lina maneno mengi ya amri, lakini panapotakiwa maneno yatakayodumu, yanayoweza kusomwa na mtu mwingine baadaye, hayapo. Linganisha na yule ofisa wa mizinga aliyedai amri ya maandishi: kudai maandishi kuliokoa maisha, na kukosekana kwa maandishi kunaua. Filamu haisemi hivyo popote. Inaviweka vitu viwili mahali mbalimbali na kutuachia sisi kuviunganisha.

Kinaya nacho kimetandazwa katika mambo madogo. Arnaud, aliyechaguliwa kwa kura ili afe kwa woga, amewahi kupewa nishani ya ushujaa. Koplo Paris amechaguliwa na Luteni Roget kwa sababu Paris anajua kuwa Roget ndiye mwoga wa kweli, aliyemuua mwenzao kwa bomu la mkono kwa kiwewe. Usiku wa mwisho, Paris anamtazama mende na kusikitika kwamba kesho mende huyo atakuwa hai naye hatakuwapo. Mwenzake Ferol anampondaponda mende na kumwambia kuwa sasa amemzidi. Asubuhi Arnaud, aliyevunjika fuvu, anapelekwa kwenye mti wa kufia akiwa juu ya machela, na anabanwa mashavu ili azinduke apate kupigwa risasi. Baada ya hapo majenerali wanakula, na Mireau anasifu jinsi watu wale walivyokufa vizuri.

Handaki na kasri

Filamu ina mandhari kuu mbili, na mwanafunzi anaweza kuzichora ubaoni. Handaki ni jembamba, lina matope, na kamera inakwenda kwa kufuata kuta zake kwa sababu hapana njia nyingine. Kasri ni pana, dari ziko juu, na watu wanazunguka watakavyo. Mireau na Dax wote wawili wanapita handakini. Mireau anapita kama mgeni wa heshima, akimsemesha askari mmoja mmoja kwa maneno yaleyale, na anampiga kofi askari aliyerukwa na akili kwa mishindo ya mizinga. Dax anapita kabla ya shambulio, akiwa kimya, na safari hii kamera inaona kwa macho yake: nyuso zinatutazama sisi.

Tunasisitiza neno marudio. Tukio likitokea mara moja linaweza kuwa sadfa. Likirudiwa kwa mabadiliko madogo, mabadiliko yale ndiyo maana. Kanuni hii wanafunzi wanaijua kutoka katika kibwagizo cha shairi na fomyula za ngano. Hapa wanaikuta katika picha.

Hata hivyo, ni lazima tuonyeshe pia mipaka ya kufasiri. Kesi inaendeshwa katika ukumbi wenye sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, na wahakiki wengi wamesema kuwa ukumbi huo ni ubao wa sataranji na askari ni kete. Mtu anaweza kupinga kwamba kasri lile, Schleissheim karibu na Munich, lilijengwa karne nyingi kabla ya filamu, na sakafu haikuwekwa kwa ajili ya Kubrick. Pingamizi hilo ni la haki. Sakafu peke yake haithibitishi kitu. Tafsiri inapata nguvu kwa kuwa Kubrick alikuwa mpenzi mkubwa wa sataranji, kwa kuwa kamera inaionyesha sakafu waziwazi huku washtakiwa wakiitwa mmoja mmoja kusimama juu yake, na zaidi ya yote kwa kuwa tumeshamsikia jenerali akiwahesabu watu kama kete. Ishara husimama kwa kushikana mikono na ishara nyingine. Mwanafunzi anayeleta ishara moja yatima, tumrudishe akatafute ndugu zake.

Adui asiyeonekana

Filamu nzima ni ya vita dhidi ya Wajerumani, lakini hatumwoni askari hata mmoja wa Kijerumani. Tunaona milipuko, tunasikia risasi, tunaona maiti za Wafaransa. Adui hana uso. Mtazamaji wa kawaida hatambui kuwa ameunyimwa uso huo, kwa sababu chuki yake imeshapata mahali pengine pa kukaa: kwa Mireau.

Hapa pana pingamizi zito zaidi. Je, Paths of Glory inapinga vita, au inapinga tu makamanda wabaya? Dax, shujaa wetu, hakukataa shambulio. Alipuliza firimbi na kuwatoa watu handakini. Broulard anaposikia kuwa Mireau aliamuru mizinga ipige askari wake, anamtupa mkono, na Mireau anakabiliwa na uchunguzi. Mhalifu amepatikana. Filamu ingeishia hapo, jibu lingekuwa kwamba wakiondolewa majenerali waovu vita vitakuwa safi.

Lakini filamu haiishii hapo. Kwanza, Broulard anampa Dax cheo cha Mireau, akidhani kuwa utetezi wote ule ulikuwa hila ya kukitafuta. Dax anakikataa kwa ghadhabu. Pili, tunapelekwa katika baa ambamo askari wanapumzika. Mwenye baa anamleta msichana wa Kijerumani aliyetekwa, anamfanyia mzaha, na anamlazimisha aimbe. Askari wanapiga miluzi na makelele. Msichana anaanza kuimba kwa Kijerumani huku analia. Makelele yanapungua. Mmoja mmoja wanaanza kuufuatisha wimbo bila maneno, na machozi yanawatoka.

Huyu ndiye Mjerumani pekee tunayemwona katika filamu yote. Adui alipoonyeshwa uso hatimaye, hakuwa na bunduki. Hana hata jina. Tukumbuke pia kwamba Wafaransa wa filamu hii wanazungumza Kiingereza kwa manufaa ya mtazamaji. Lugha ya kigeni tunaisikia kwa msichana huyu tu, na wimbo wake haukutafsiriwa kwa maandishi chini ya picha. Mtazamaji asiyejua Kijerumani amewekwa mahali pale walipo askari: anaelewa bila kufasiriwa.

Nje ya mlango, Dax amesikia. Sajini anamletea agizo kwamba kikosi kirudi mstari wa mbele mara moja. Dax anaagiza wapewe dakika chache zaidi. Basi. Kisha ngoma za kijeshi zinaupokea wimbo uleule, na filamu inakwisha.

Kwa maoni yetu huu ndio ufunguo. Mireau ameanguka, haki ya namna fulani imetendeka, na hakuna kilichobadilika: watu walewale waliokuwa wakilia kwa wimbo wa adui wanarudi kumuua adui huyo. Ujumbe wa kupinga vita umewekwa baada ya mwisho wa hadithi, katika dakika chache ambazo mtazamaji mwenye haraka ameshaanza kuvaa koti. Hapa hapana kishindo cha kushangilia. Truffaut amejibiwa.

Shahidi asiye na maneno

Tukitaka kuijaribu hoja hii nje ya Ulaya, hatuna filamu bora kuliko Camp de Thiaroye ya Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow (1988). Inahusu askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa waliorudi Dakar mwaka 1944 baada ya kuwa mateka wa Wajerumani. Walidai malipo yao. Tarehe 1 Desemba 1944 jeshi la Ufaransa liliwafyatulia risasi katika kambi ya Thiaroye. Taarifa rasmi za wakati ule zilitaja waliokufa kuwa 35, idadi ambayo wanahistoria wameipinga kwa miaka mingi. Ni mwezi Novemba 2024 tu ambapo Rais wa Ufaransa alikiri kwa barua kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki.

Katika filamu, Sajini Diatta ni msomi, anajua lugha kadhaa na anapenda muziki wa Ulaya. Anapata habari kuwa kijiji chake kiliharibiwa na jeshi lilelile alilolitumikia. Kwa upande mwingine yupo Pays, aliyepitia kambi ya Buchenwald. Amepoteza uwezo wa kusema. Anatoa sauti zisizo maneno, na amevaa kofia ya chuma ya Kijerumani kichwani.

Usiku wa mwisho jenerali ameahidi kwa heshima yake kuwa askari watalipwa kwa thamani kamili, na kambi inasherehekea. Pays yuko kwenye mnara wa ulinzi. Anaviona vifaru vikija. Anakimbia kuwaamsha wenzake, anapiga kelele, anaonyesha kwa mikono. Wanadhani kichaa chake kimempanda. Vifaru vinafyatua.

Diatta mwenye lugha nyingi amedanganywa kwa lugha. Pays asiye na lugha ndiye pekee anayesema kweli, kwa sababu aliwahi kuona kambi yenye seng'enge na anajua inatumika kwa kazi gani. Filamu haihitaji kutuambia kuwa Thiaroye inafanana na Buchenwald. Pays anaigusa seng'enge, nasi tunaelewa. Na kama ilivyo kwa Kubrick, mwisho si mauaji. Mwisho ni vijana wapya wa Kiafrika wakisafirishwa kwenda Ulaya kupigana. Waongozaji wawili, kwa mbali wa miaka 31, wamefunga kwa jambo moja: safari inayofuata.

Ukimya unaoshtaki filamu yenyewe

Kigezo cha ukimya kina makali pande mbili. Kinaweza kufichua hekima ya filamu, na pia upofu wake. Mfano ulio karibu nasi ni The African Queen ya John Huston (1951), ambayo sehemu yake ilipigwa Uganda na Kongo. Inahusu Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mwanzoni Wajerumani wanachoma kijiji na kuwachukua wenyeji kwa nguvu. Baada ya hapo wenyeji wanatoweka katika kisa. Tukiwaona tena ni askari wanaopiga risasi kutoka ngomeni. Hadithi inabaki kuwa ya Wazungu wawili na mashua yao.

Tunajua kwamba vita hivyo viliwaua wapagazi wa Kiafrika kwa makumi ya maelfu, na kwamba jina la Kariakoo, sokoni Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi hao. Hapa ukimya haukupangwa ili utufikirishe. Ni usahaulifu. Mwanafunzi ajifunze kuutofautisha: ukimya wa sanaa huacha alama za kuufuata, kama vile msichana anayekuja mwishoni; usahaulifu hauachi alama yoyote.

Sauti ya kibandani

Hatuwezi kumaliza bila kumtaja mfasiri ambaye wanafunzi wetu wengi walimsikia kabla ya kuingia chuoni. Katika vibanda vya video vya Kampala ma-VJ hufasiri filamu kwa Kiganda. Tanzania ilimjua Lufufu, na Kenya inamjua DJ Afro, wote kwa Kiswahili chao chenye ladha. Ni wasanii wa kweli, warithi wa mtambaji wa ngano, na tunapendekeza kazi zao zitafitiwe kwa uzito.

Hata hivyo, sanaa yao ina hasara moja kwa aina ya filamu tunayoijadili. Mfasiri wa kibandani haruhusu kimya kipite. Picha ikitulia, yeye ndiye anayejaza: anatania, anamwita shujaa kwa jina la mtaani, anawachochea watazamaji. Ikiwa ujumbe wa kupinga vita umehifadhiwa katika kimya, basi kimya kikijazwa ujumbe umezikwa. Msichana wa Kubrick akisemewa na mtu mwingine si msichana yule tena. Zoezi zuri la somo la tafsiri ni kuwapa wanafunzi tukio la mwisho la Paths of Glory na kuwauliza nini kifasiriwe na nini kiachwe. Jibu gumu kuliko yote ni kuacha.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha vigezo vitatu vya kusoma maana iliyofichika katika filamu ya vita: marudio, ukimya, na kinachobaki baada ya mhalifu kuanguka. Vigezo hivi havihitaji vifaa vya gharama. Vinahitaji kutazama mara mbili, na kutaja ushahidi kila tunapodai maana.

Kwetu sisi jambo hili si la mtihani tu. Darasa letu lina wanafunzi kutoka Uganda ya kaskazini, Burundi, Rwanda na Kongo ya mashariki. Wapo ambao familia zao zilivijua vita kabla hazijaviona kwenye filamu. Mwalimu anayeonyesha filamu ya vita mbele yao bila kuwaandaa, na kisha kuuliza dhamira kana kwamba anauliza ngeli za nomino, hatendi haki. Awaambie mapema watakachokiona, na amruhusu asiyetaka kutazama atoke bila maswali.

Aidha, lugha tunayoifundisha ina historia yake katika suala hili. Kwa Waganda wa vizazi kadhaa Kiswahili kilisikika kwanza kutoka kwa askari: katika KAR ya wakoloni, kisha katika jeshi la Idi Amin, ambaye mwaka 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Watu wengi walijifunza maneno yake ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikipa hadhi ya lugha rasmi ya pili, lakini sheria haifuti kumbukumbu ya masikio.

Ndiyo maana tukio la baa linatuhusu kuliko yote. Askari wale nao walikuwa wameisikia lugha ya msichana kuwa lugha ya adui tu, mpaka walipoisikia katika wimbo. Mwalimu wa Kiswahili katika nchi kama yetu anaifanya kazi ileile kila anapoingia darasani: kuitoa lugha katika amri na kuirudisha katika kinywa cha mtu. Ni kazi ya dakika chache chache, na ngoma za kijeshi huwa haziko mbali.